Hilo umelitoa wapi? Safari ya wazo katika mji wa Lubumbashi

Hakuna mchoraji, mpiga gitaa wala mshona nguo wa Lubumbashi, huku kusini mashariki mwa Kongo, ambaye hajaulizwa: "Hilo umelitoa wapi?" Anayeuliza hutarajia hadithi nzuri: ndoto ya usiku wa manane, sauti iliyomjia mtu akiwa njiani, kipaji cha babu. Na anayeulizwa, asimvunje mgeni moyo, humpa hadithi anayoitaka. Shida ni kijana anayesikiliza pembeni. Yeye huondoka akiamini kwamba wenzake hutembelewa na mawazo, na kwa kuwa yeye hajatembelewa, basi akae angoje.

Kwa maoni yangu swali lenyewe limewekwa vibaya. Linauliza habari za dakika moja tu, ile ambayo wazo lilifika, na hiyo ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kabla ya dakika hiyo kuna kazi, na baada yake kuna kazi kubwa zaidi. Huku Lubumbashi tuna bahati, kwa sababu kazi hiyo imefanyika hadharani na baadhi yake imeandikwa, hata tunaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Vitu viwili vinapokutanishwa

Tuanze na Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978. Mwaka 2006 alitengeneza mfululizo wa picha uliomfanya ajulikane mbali. Nyuma ya kila picha kuna majengo ya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, kama yalivyobaki: mabati yaliyoliwa na kutu, mitambo iliyonyamaza, udongo mtupu. Mbele yake amewaweka watu waliokatwa kutoka kwenye picha za zamani, nyeusi na nyeupe, za wakati wa ukoloni. Wafanyakazi wa zamani wanasimama ndani ya magofu ya leo wakikutazama.

Ukichunguza, hakuna kitu hapo ambacho hakikuwapo. Bomba refu la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba kila mkaaji wa mji amekua akiviona. Picha za zamani nazo zilikuwa zimehifadhiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuvikutanisha.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Sarnoff Mednick, aliandika mwaka 1962 kwamba kufikiri kwa ubunifu ni kuunganisha mambo yaliyokaa mbalimbali akilini ili yazae kitu kipya chenye manufaa. Na kadiri mambo hayo yanavyokuwa mbali, ndivyo muungano unavyokuwa wa kibunifu zaidi. Wengine wamempinga kwa hili na lile, lakini kiini cha maneno yake kinatusaidia. Ikiwa wazo ni mkutano, basi mwenye vitu vichache kichwani ana mikutano michache. Anayesikiliza rumba peke yake atatunga rumba inayofanana na aliyoisikia jana. Anayesikiliza rumba, akajua pia jinsi fundi wa magari anavyotambua ugonjwa wa injini kwa sikio, na jinsi wanawake wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, wanavyobishana juu ya bei bila kugombana, huyo ana vitu vya kukutanisha.

Hapa wengi huteleza, kwa sababu hukusanya mambo makubwa. "Maisha ni magumu" si wazo, ni maneno tunayosalimiana nayo. "Muuza makaa anapima kwa kopo lililobonyezwa kitako ili lijae upesi" ni mbegu: ndani yake kuna mtu, kuna hila, kuna njaa yake na njaa ya mteja wake, na kuna kichekesho. Mwandishi wa mchezo anaweza kuishi wiki nzima juu ya kopo hilo. Kwa hiyo ninaposema tukusanye, nina maana ya mambo ya ukubwa huo: yenye kuonekana, kushikika, na yanayomsumbua kidogo yule aliyeyaona.

Kisha linakuja jambo ambalo wenye bidii hawalipendi. Mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alisimulia mwaka 1908 jinsi alivyohangaika na tatizo moja alipokuwa akiishi Caen, kisha akaliacha kwa ajili ya safari ya kijiolojia. Walipofika Coutances na kutaka kupanda gari la abiria, alipoweka tu mguu kwenye ngazi, jibu likamjia zima, wala hakuwa akilifikiria. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas alichukua simulizi za namna hiyo akazipangia hatua nne: kujiandaa, kuliacha jambo likae, kuangaziwa, na kuhakiki. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba kuliacha jambo kwa muda kunasaidia kweli, hasa ukiutumia muda huo kwa shughuli nyepesi isiyochosha akili.

Wapenda usingizi wasishangilie mapema. Poincaré alikuwa amejichosha na tatizo lile kwanza. Wachoma makaa wa pembezoni mwa mji wanalielewa hili kuliko sisi: kuni hupangwa, hufunikwa kwa udongo, huwashwa kupitia tundu lililoachwa, ndipo tundu huzibwa na kuni huachwa. Ukiziba bila kuwasha, utarudi ukute kuni. Na ukifunua mapema kwa kutaka kuona kama tayari, hewa inaingia na unabaki na majivu.

Kutembea ni mojawapo ya shughuli nyepesi za namna hiyo. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walipokuwa wakitembea walitoa mawazo mengi zaidi kuliko walipokaa, hata waliotembea juu ya mashine ndani ya chumba wakitazama ukuta. Lakini kwa maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Ukitaka kuzalisha, tembea. Ukitaka kukokotoa hesabu ya gharama za onyesho, kaa chini. Anayetoka Katuba kwenda mjini kwa miguu kwa kukosa nauli hahitaji kuambiwa hivi na Stanford, ila huenda hajawahi kuihesabu njia yake kuwa ni karakana.

Kulishika

Wazo likija, utaamini kwamba hutalisahau. Ni imani yenye nguvu na karibu kila mara ni ya uongo. Nelson Cowan, aliyepitia tafiti nyingi za kumbukumbu ya muda mfupi, alikadiria mwaka 2001 kwamba akili hushikilia kwa wakati mmoja kama vitu vinne tu. Mtu akikuita, simu ikilia, kondakta akidai nauli, kimojawapo kinadondoka, na mara nyingi ni kile ambacho hakijapata jina.

Charles Darwin alikuwa na kanuni moja kali ya kuandika. Kila alipokutana na jambo linalopingana na hitimisho lake, aliliandika papo hapo, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mambo yanayotupinga husahaulika upesi kuliko yale yanayotuunga mkono. Hilo linafaa hata kwa mtunzi wa nyimbo. Ubeti unaokubembeleza utarudi wenyewe. Ule unaokukera, uliosikia unavunja wimbo wako, ndio wa kuandikwa kwanza, maana huenda ndio wimbo wenyewe.

Kifaa gani? Wengi watasema simu, na kwa mambo ya sauti simu haina mpinzani: mlio wa gitaa usijaribu kuuandika kwa maneno, uimbe, uuvumishe kwa mdomo, urekodi. Lakini simu huishiwa moto, na kila ajuaye mgawo wa umeme wa mji huu anajua kwamba hilo hutokea saa ileile unayoihitaji. Kaye, yaani daftari, ya mfukoni na biki haviombi umeme. Mchoraji naye asiandike "samaki wawili". Achore, hata kwa mistari mitatu, kwa kuwa wazo la mchoraji limo katika mstari na si katika maneno yanayoueleza.

Kosa lililo kubwa kuliko la kifaa ni kuandika kidogo mno. "Wimbo juu ya mvua." Wiki mbili baadaye maneno hayo hayakuambii lolote, kwa kuwa anayeyasoma amekuwa mtu mwingine. Andika kwa ajili ya mgeni: ilikuwa wapi, nani alisema, alisemaje hasa, na kitu gani kilikushtua. "Mvua ya kwanza ya Oktoba, mama aliacha nguo zinyeshewe kwenye kamba, akatoa viti nje kwa ajili ya wageni ambao walikuwa hawajafika." Huyo mgeni atakuelewa.

Halafu kuna kaburi. Naliita hivyo kwa sababu nimeona simu zilizojaa sauti ambazo mwenyewe hazisikilizi, na makaye yaliyofungwa tangu ukurasa wa mwisho ulipojaa. Kushika bila kurudia ni kuzika. Ludwig van Beethoven aliacha madaftari mengi ya rasimu, na wachunguzi wa muziki wameona humo jinsi kipande kimoja kilivyoandikwa, kikabadilishwa, kikaachwa, kikarudiwa tena hadi kikawa kile tunachokisikia leo. Daftari lake lilikuwa meza ya kazi. Chagua siku, iwe hata Jumapili jioni baada ya bukari (ugali wetu), upitie yote ya wiki. Mengi yatakuchekesha. Moja litakufanya utafute biki.

Mchezo uliotoka ndani ya msemo

Sasa tumefika kwenye sehemu ninayoipenda, na ambayo waandishi wa mambo ya ubunifu huipita mbio. Wazo umelipata, umelishika. Linakuwaje kazi?

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa Lubumbashi pamoja na kundi la Mufwankolo, lile la maigizo ya Kiswahili ambayo vizazi vya mji huu viliyacheka redioni na kwenye televisheni. Fabian alikuwa amesikia msemo mmoja, kwamba utawala huliwa mzima. Akawauliza maana yake. Angeweza kupewa jibu la sentensi moja akaenda zake. Kundi likaamua kumjibu kwa kuutengenezea mchezo.

Waliufanyaje? Hawakuandika maneno ya kukariri. Walikaa wakabishana kwanza msemo una maana gani, na hawakukubaliana. Ni kwamba mamlaka hayagawanywi, mwenye nayo ni mmoja? Au ni kwamba anayeyala lazima ayale yote, na mifupa yake, asichague minofu? Kutoka kwenye mabishano hayo wakapata mpango wa matukio, wakagawana nafasi, na kila mwigizaji akajitafutia maneno yake mwenyewe wakati wa mazoezi. Zoezi la pili halikufanana na la kwanza. Mwishowe waliuigiza katika kijiji nje ya mji, mbele ya kamera za televisheni.

Tazama walichokifanya na lile wazo changa. Hawakuliheshimu kupita kiasi. Walilichukua kama swali, na walipoona lina maana mbili zinazogombana, hawakuamua ipi ni sahihi ndipo waanze. Ule ugomvi ndio walioufanya injini. Mimi hulipima wazo kwa kipimo hicho. Wazo ambalo wote wanalikubali mara moja kwa kutikisa vichwa ni zuri kwa hotuba. Lile linalowagawa wasikilizaji, huyu akisema hivi na yule akisema vile, lina nguvu ya kutembea lenyewe. Tena hawakungoja liwe limekamilika vichwani. Walilitoa nje kwa mwili na sauti, wakaona linapochechemea, wakalirekebisha papo hapo.

Msomaji makini atanikumbusha jambo. Watafiti si wamesema kwamba kutafuta mawazo kwa kundi kunashindwa? Wamesema, na wana ushahidi. Mwaka 1958 huko Yale, Donald Taylor na wenzake waliwalinganisha watu waliofikiri pamoja na idadi ileile ya watu waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha majibu yao yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao walipata mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kwamba sababu kubwa ni kusubiriana: mmoja anapozungumza, wengine hawawezi kutoa lao, na wakingoja zamu linawatoka.

Huku kwetu ongeza kusubiriana kwa heshima. Chukua korali ya parokia inayotafuta wimbo mpya wa sikukuu. Papa rais, yaani mzee anayeiongoza korali, ndiye anayeanza kusema, kwa kuwa ndiye mkubwa. Akishasema, kijana wa sauti ya tatu aliyekuja na kitu chake hawezi tena kukitoa bila kuonekana anampinga mzee. Atasema "kama alivyosema Papa," na kile alichokuja nacho kitarudi naye nyumbani. Dawa ni rahisi na haimvunjii mtu heshima. Kila mmoja aandike lake kwenye karatasi bila jina kabla ya mkutano, zisomwe zote, ndipo Papa afungue mazungumzo. Mzee atabaki mzee, na karatasi ya kijana itakuwa imeshasomwa.

Kundi la Mufwankolo lilifaulu kwa pamoja kwa sababu lilikuwa likifanya kazi ya aina nyingine. Hawakukaa kurundika mapendekezo. Walikuwa na wazo moja tayari, walijuana kwa miaka, kila mmoja alikuwa na aina ya mhusika aliyezoea kumcheza, na mabishano yao yaliishia kwenye kitendo. Kutafuta ni kazi ya mtu na nafsi yake. Kukuza kunaweza kuwa kwa wengi. Tukizichanganya kazi hizi mbili katika mkutano mmoja, zote mbili zinaharibika.

Ukuta unaosaidia

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Aliwakataza wachoraji wake kuiga sanaa ya Ulaya, akawataka watazame mazingira yao. Tusijidanganye, kulikuwa na ubwana ndani yake: Mzungu wa enzi ya ukoloni akiwaamulia Waafrika Uafrika wao ukoje. Lakini angalia kilichotokea ndani ya mipaka ile. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza umbo na mandhari kwa mistari mifupi iliyobanana. Pilipili Mulongoy alitawanya nukta na vialama vidogo nyuma ya samaki, ndege na nyoka wake. Katazo moja, mikono mitatu isiyofanana kabisa.

Baadaye, miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu alifanya kazi ndani ya mipaka ya namna nyingine kabisa: soko. Wachoraji wa wakati ule waliuza picha za kutundika sebuleni, na wateja walitaka mada wanazozijua: mamba muntu (mwanamke nusu samaki), ukoloni wa Wabelgiji na mijeledi yake. Ungedhani mtu anayechora mada zilezile ili apate chakula atakauka. Kumbe kila picha aliyoirudia ilikuwa inamjengea kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1973 na 1974, alipopata mtu wa kuzinunua kwa mfululizo, yuleyule Fabian, alichora zaidi ya picha 100 za historia ya nchi, tangu enzi za kale hadi wakati wake, akizisimulia moja baada ya nyingine. Hakuwa amejiona mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Asingeweza kulikamilisha wazo hilo akiwa ametulia anangoja mteja wa kazi kubwa. Alilikuza vipande vipande ndani ya kazi ya kila siku, na nafasi ilipofunguka alikuwa tayari.

Kwa hiyo anayesema "ningekuwa na studio, ningekuwa na kompyuta nzuri", mimi humwuliza ana nini sasa. Gitaa lenye nyuzi tano? Basi tunga wimbo wa nyuzi tano. Mwisho wa siku nyuzi ya sita itapatikana, lakini pengine hutaihitaji.

Limebaki jambo moja ambalo karibu kila kijana hulitaja: "Nikisema wazo langu, wataliiba." Hofu hiyo inaeleweka, lakini inalinda kisicholindwa. Katika mikataba ya kimataifa, ukiwamo ule wa Shirika la Biashara Duniani ambamo Kongo ni mwanachama, haki ya mtunzi hulinda namna wazo lilivyotamkwa, kuchorwa au kuimbwa. Wazo lenyewe halilindwi. Kwetu haki za watunzi zinaongozwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, na chini ya Mkataba wa Berne ulinzi hauhitaji kwanza uandikishe kazi popote. Maana yake ni kwamba "filamu juu ya wachimbaji wadogo wa Ruashi" si mali ya mtu, lakini kurasa kumi za mazungumzo ya wachimbaji hao ni zako tangu ulipoziandika. Anayeogopa wizi aache kunyamaza, aandike upesi, aweke tarehe, na nakala amtumie rafiki anayemwamini usiku huohuo, ili ibaki kwenye simu mbili badala ya moja.